Jeni Nzima, Protini Haipo: Ushirika Unaowasha na Kuzima Jeni

Wengi wetu tuliozaliwa Kisumu, Siaya, Busia au Kakamega tuna jeni moja iliyo nzima kabisa, lakini kwenye seli nyekundu za damu imekaa kimya. Iko kwenye kromosomu ya 1, na kazi yake ni kutengeneza protini inayoitwa Duffy. Kwa watu wengi wa Ulaya na Asia, protini hiyo hukaa juu ya utando wa seli nyekundu. Kwetu haipo hapo. Ukiisoma jeni yenyewe herufi kwa herufi (DNA huandikwa kwa herufi nne: A, T, G na C) huoni kasoro ya kuizuia kufanya kazi, na kwa kweli kuta za mishipa midogo ya damu za mtu yule yule huitengeneza bila shida, pamoja na seli fulani za ubongo. Ni seli nyekundu tu zilizokosa.

Kasoro iko nje ya jeni, herufi chache kabla ya pale inapoanza kusomwa. Palipokuwa na AGATAAG pana AGGTAAG. Herufi moja. Mwaka 1976 Louis Miller na wenzake nchini Marekani walionyesha kwamba watu wasio na Duffy kwenye seli nyekundu wana kinga dhidi ya malaria ya Plasmodium vivax, kwa sababu kimelea hicho hushika protini hiyo ili kuingia ndani ya seli. Mwaka 1995 watafiti wa Paris wakaipata herufi yenyewe. Nieleze haraka kwamba hii siyo malaria inayotulaza hospitalini huku ziwani. Hiyo ni ya Plasmodium falciparum, ambayo haihitaji Duffy. Na kinga yenyewe ina mianya: mwaka 2006 ulichapishwa utafiti uliokuta dalili za vivax magharibi mwa Kenya, katika watu hao hao wasio na Duffy.

Swali linalonishughulisha hapa ni lingine. Inakuwaje herufi moja iliyo nje ya jeni izime protini katika seli za aina moja, na kuiacha ikiendelea katika seli za aina nyingine, ndani ya mwili mmoja?

Tuanze na jambo ambalo wanafunzi wangu huliuliza kila mwaka. Seli ya ini na seli ya jicho zina DNA ile ile, takribani mita mbili za uzi uliokunjwa ndani ya kiini kisichoonekana kwa macho. Seti moja ya uzi huo ina karibu herufi bilioni 3.2 na jeni kama 20,000 zinazotoa protini. Tofauti ya ini na jicho ni jeni zipi zinasomwa, wakati gani, na kwa kiasi gani. Msomaji ni mtambo uitwao RNA polimerasi, unaonakili jeni na kutoa nakala ya RNA. Lakini mtambo huo haujui pa kuanzia. Huelekezwa na protini nyingine, ambazo nitaziita protini za unukuzi. Binadamu ana takribani 1,600 za aina hiyo, na kila moja hutambua kifungu kifupi cha herufi kwa kupapasa kingo zake, bila kuufungua uzi.

Mojawapo ni GATA1, bingwa wa seli nyekundu. Kifungu chake kina herufi sita: A au T, kisha GATA, kisha A au G. Yule mtu wa Kisumu aliye na AGGTAAG amepoteza GATA. Kwenye uboho wake, pale seli nyekundu zinapotengenezwa, GATA1 hufika na kukosa pa kushika, na jeni ya Duffy hainakiliwi. Kwenye kuta za mishipa, protini nyingine ndizo zinazoiwasha jeni ile ile, kutoka mahali pengine kwenye DNA, na herufi iliyoharibika haiwahusu.

Hapo ndipo maelezo mengi, vikiwemo vitabu vya shule, huishia: protini hupata kifungu chake, hukaa, jeni huwaka. Maelezo hayo hayatoshi, na hesabu ndogo inaonyesha kwa nini. Kwa bahati tu, kifungu cha GATA1 kingejitokeza mara moja katika kila herufi 1,024. Soma nyuzi zote mbili za herufi bilioni 3.2 na utapata mahali zaidi ya milioni sita. Ukipima ndani ya seli halisi, GATA1 huwa imekaa kwenye chini ya asilimia 1 ya mahali hapo. Kifungu kipo, protini ipo, na bado haishiki. Kwa hiyo kifungu peke yake si anwani.

Anwani hupatikana kwa ushirika. Wanaojua vyama vyetu vya akiba watanielewa upesi: benki haitoi pesa za chama kwa sahihi ya mweka hazina peke yake, hata kama sahihi ni yake kweli. Inataka ya mwenyekiti na ya katibu kwenye hundi ile ile. Ila kwenye DNA kuna jambo la ziada: sahihi moja ikiwa peke yake haidumu hata kwenye karatasi. GATA1 ikigusa kifungu chake bila mwenzake, huachia baada ya muda mfupi sana. Mshiko wake ni dhaifu, kwa sababu herufi sita ni chache.

Sasa weka protini mbili kwenye vifungu viwili vilivyo jirani, na uzipe nafasi ya kushikana. Moja ikiteleza, ile nyingine inaizuia isiende mbali, nayo hurudi mahali pake kabla haijapotea kwenye majimaji ya kiini. Nguvu ya kushikana huko inaweza kuwa ndogo, ndogo kuliko mshiko wa kila moja kwenye DNA, lakini ikajumlishwa humfanya kila mmoja adumu makumi ya mara zaidi. Hivyo ndivyo seli inavyopata usahihi wa herufi nyingi kutoka kwa protini zinazosoma herufi chache. Mtafiti Mark Ptashne aliifuatilia tabia hii kwa undani katika virusi vya bakteria viitwavyo lambda, ambapo protini moja ya kuzuia hukaa kwa jozi, jozi ikishika jozi, na swichi nzima ya virusi hutegemea kushikana huko.

Kuna faida ya pili, na kwangu ndiyo yenye uzito zaidi. Ikiwa protini moja tu ndiyo inayohitajika, ukiongeza kiasi chake mara mbili, jeni nayo huongezeka mara mbili hivi, taratibu. Ikiwa zinahitajika mbili kwa pamoja, na zote bado ni chache, kuongeza kila moja mara mbili huzidisha uwezekano wa kukutana mara nne. Zikiwa nne zinazotegemeana, ni mara kumi na sita. Mabadiliko madogo ya kiasi yanageuka kuwa tofauti kati ya kuzima na kuwaka. Bila hilo mwili ungekuwa na seli za nusunusu, nusu ini na nusu damu.

Ushahidi kwamba ushirika si pambo unaonekana vizuri kwa GATA1 yenyewe. Protini hii ina mikunjo miwili midogo, kila mmoja ukishikiliwa na atomu ya zinki. Mkunjo mmoja hushika DNA. Mwingine kazi yake kubwa ni kushika protini iitwayo FOG1. Mwaka 2000 ilielezwa familia ambayo wavulana walizaliwa na upungufu mkubwa wa damu pamoja na uhaba wa chembe za kugandisha damu. Kwenye GATA1 yao, asidi amino ya 205 (asidi amino ndizo shanga zinazounda protini), valini, ilikuwa imebadilishwa na methionini. GATA1 hiyo bado ilikuwa na uwezo wa kushika DNA. Ilichoshindwa ni kumshika FOG1. Vifungu vya kushikwa kwenye DNA vilikuwa sawa, protini ilifika pahali pake, na watoto waliugua kwa sababu ya mwenzi aliyekosekana.

Kikundi kikubwa zaidi kilielezwa mwaka 1997. Kina protini tano: GATA1, TAL1, E2A, LMO2 na LDB1. TAL1 na E2A hushikana na kukaa pamoja juu ya kifungu CAGGTG. Herufi kama tisa mbele yake huwa kuna kifungu cha GATA1. Nafasi hiyo ina maana. DNA imesokotwa, na hukamilisha mzunguko kila baada ya herufi kumi na nusu hivi, kwa hiyo ukiongeza au kupunguza herufi chache kati ya vifungu hivyo, protini moja hujikuta imegeukia upande mwingine wa uzi na haimfikii mwenziwe. LMO2 hukaa katikati na kuwaunganisha. Yeye hagusi DNA hata kidogo. Lakini usimdharau: katika majaribio ya tiba ya jeni yaliyofanywa Ufaransa kwa watoto waliozaliwa bila kinga ya mwili, virusi vilivyobeba dawa vilijipachika karibu na jeni ya LMO2 na kuiwasha mahali isipotakiwa, na baadhi ya watoto wakapata saratani ya damu.

Wa tano, LDB1, ndiye anayenivutia zaidi. Naye hagusi DNA, ila hupenda kushikana na LDB1 mwingine. Jeni za himoglobini, ile protini inayobeba oksijeni, zimepangwa mstari mmoja kwenye kromosomu ya 11, na eneo kuu linalozichochea liko mbali, takribani herufi 50,000 kutoka jeni ya beta. Kikundi chenye LDB1 kikikaa kwenye eneo hilo la mbali, na kingine kikakaa mlangoni mwa jeni, LDB1 wa huku na wa kule hushikana, na uzi ulio kati yao hujikunja kuwa kitanzi. Mwaka 2012 watafiti wa Philadelphia wakiongozwa na Gerd Blobel walichukua seli zisizo na GATA1, ambamo kitanzi hakifungiki, wakamfunga LDB1 kwenye protini ya kutengenezwa inayoshika mlango wa jeni ya beta. Kitanzi kikajifunga, na jeni ikawaka kwa kiasi kikubwa. GATA1 hakuwapo. Kazi yake kubwa ilikuwa kumleta LDB1.

Si lazima protini zigusane ili zisaidiane. DNA ndani ya kiini imezungushiwa magurudumu ya protini za histoni, herufi 147 kwa kila gurudumu, na vifungu vingi vimefichwa humo. Protini moja ikishika kifungu kilichochungulia pembezoni, gurudumu hulegea, na kifungu cha pili kilichokuwa kimefichwa hufunuliwa kwa protini nyingine ambayo haijawahi kumgusa wa kwanza. Nyingine husaidiana kupitia umbo la DNA: moja hupinda uzi, na mpindo huo unamfaa jirani. Mwaka 2015 kikundi cha mtafiti Jussi Taipale kilipima maelfu ya jozi, kikapata mamia zinazoshirikiana, nyingi zikifanya hivyo kupitia DNA yenyewe, na mara nyingi kifungu cha jozi si sawa na vifungu viwili vya peke yake vilivyounganishwa. Kukaa pamoja hubadilisha hata kile kinachosomwa.

Turudi kwenye damu, kwa sababu huku kwetu jambo hili lina uso na jina.

Ugonjwa wa selimundu, ambao wengi huuita sikoseli, uko kwa wingi kuzunguka Ziwa Victoria. Anthony Allison, aliyekulia Kenya, alipopima damu za watu katika msafara wa mwaka 1949 aliona kwamba wenye chembe ya ugonjwa huu ni wengi pwani na kando ya ziwa, na ni nadra kwenye nyanda za juu. Mwaka 1954 akaonyesha sababu: aliyerithi nakala moja tu ya jeni ya selimundu hulindwa dhidi ya malaria kali ya falciparum. Aliyerithi nakala mbili huugua. Hapa herufi iliyobadilika iko ndani ya jeni, kwenye beta: A imekuwa T, na protini ikatoka na valini mahali pa asidi glutamiki.

Mzazi aliyelea mtoto wa selimundu anajua mwendo wake. Miezi ya kwanza mtoto ana afya kama wenzake. Kisha, mara nyingi akiwa na miezi mitano au sita hivi, vidole vya mikono na miguu vinavimba na kilio hakinyamazishwi. Mama huanza kujiuliza alimlisha nini. Hakumlisha chochote kibaya. Kilichotokea ni kwamba kundi moja la protini za unukuzi limeachia nafasi na lingine limeingia.

Tumboni mwa mama, mtoto hatumii sana jeni ya beta. Hutumia zaidi mbili jirani zake, za gama, zinazotoa himoglobini ya kijusi. Karibu na kuzaliwa, gama huanza kuzimwa na beta kuwashwa, na kabla ya mwaka wa pili himoglobini ya kijusi huwa imebaki asilimia 1 hivi kwa watu wengi. Janet Watson, daktari wa watoto wa New York, aliona mwaka 1948 kwamba seli za watoto wachanga wenye ugonjwa huu hazipindi sana, akasema ni himoglobini ya kijusi inayowakinga. Jeni za gama hazifi. Hubaki nzima ndani ya mtu hadi uzee, zimezimwa tu.

Nani anazizima? Mwaka 2008 kikundi cha Stuart Orkin huko Boston kilionyesha kwamba mhusika mkuu ni protini iitwayo BCL11A. Hushika kifungu TGACCA, kama herufi 115 kabla ya jeni ya gama. Hapa ushirika unageuka kuwa ushindani: BCL11A akikaa pale, humziba jirani yake NF-Y, protini ya kuwasha, asikae herufi chache kando, na huwaita wenzake wanaofunga eneo hilo. Kuna watu waliozaliwa na badiliko la herufi moja ndani ya kifungu hicho, na wao hutengeneza himoglobini ya kijusi maisha yao yote bila madhara. Wengine wana badiliko herufi 175 kabla ya jeni, linalotengeneza mahali papya pa TAL1 kukaa. TAL1 huja na wenzake, kitanzi hujifunga kwenye gama, na jeni inaendelea.

Kumuondoa BCL11A mwilini kote haiwezekani, kwa sababu ubongo na seli za kinga zinamhitaji. Ila yeye naye ni jeni inayowashwa na wengine. Ndani ya jeni ya BCL11A kuna kipande kinachoiwasha kwenye seli nyekundu peke yake, na katikati ya kipande hicho kuna kifungu cha GATA1, na kando yake nusu ya kifungu cha TAL1. Jozi ile ile. Tiba iitwayo Casgevy, iliyoidhinishwa Uingereza tarehe 16 Novemba 2023 na Marekani tarehe 8 Desemba mwaka huo, hutoa seli za uboho za mgonjwa, hukata kifungu hicho cha GATA1 kwa mkasi wa kimolekuli wa CRISPR, na kuzirudisha. BCL11A hupungua kwenye seli nyekundu, kwingineko hubaki. Gama huwaka. Kati ya wagonjwa 31 waliofuatiliwa kwa muda wa kutosha wakati wa kuidhinishwa Marekani, 29 walipitisha angalau miezi kumi na miwili mfululizo bila maumivu makali ya ugonjwa huo.

Linganisha na Duffy. Kwa mababu zetu, herufi moja iliharibu kifungu cha GATA1, na protini moja ikatoweka kwenye seli nyekundu huku ikibaki kwingine. Maabara imefanya vivyo hivyo kwa makusudi, kwenye jeni tofauti. Sisi tumeishi na badiliko la aina hiyo kwa vizazi vingi, kwenye damu yetu, bila kudhurika.

Ndiyo maana bei yake inaniuma. Casgevy ilitangazwa Marekani kwa dola milioni 2.2 kwa mgonjwa mmoja, na kabla ya seli kurudishwa mgonjwa hupewa dawa kali za kuua uboho wa zamani, akilazwa kwa wiki kadhaa. Watoto wa Nyanza wanahitaji kitu kinachoweza kufika zahanati. Kilichopo leo ni haidroksiyurea, dawa ya kumeza inayopandisha himoglobini ya kijusi. Jaribio lililofanywa Kilifi, Mbale, Kinshasa na Luanda, matokeo yakachapishwa kati ya Desemba 2018 na Januari 2019, liliwapa dawa hiyo watoto 606 hivi. Maumivu, kuongezewa damu, vifo na hata visa vya malaria vilipungua. Mbale ni ng'ambo tu ya mpaka ukitoka Bungoma, na mtoto wa huko anaumwa na mbu wale wale. Mwenye mtoto wa selimundu amuulize daktari kuhusu dawa hii mapema, asingoje maumivu yazoeleke.

Na kuna njia nyingine inayofuatiliwa: kuuvunja ushirika wa kuzima kwa kidonge. Protini za unukuzi zilionekana kwa muda mrefu kuwa ngumu kulengwa na dawa, kwa sababu nyuso zake hazina mashimo ya dawa kuingia. Mwaka 2024 watafiti wa kampuni ya Novartis walieleza molekuli ndogo inayoinasa protini iitwayo WIZ, mmoja wa wazimaji wa gama, na kuipeleka kwenye mtambo wa seli unaoharibu protini zilizokwisha kazi. Katika panya waliopandikizwa seli za damu za binadamu, na katika tumbili wa jamii ya makaka, himoglobini ya kijusi ilipanda. Hakuna uboho uliouliwa, na DNA haikukatwa. Dawa yenyewe walimezeshwa.